Programu ya Mwenzangu

Kocha wetu alikuwa na macho mawili, sauti moja na pikipiki moja, nasi tulikuwa wasichana tisa. Anayedhani riadha ni miguu na mapafu tu hajawahi kukaa kambini. Kambini kazi kubwa ni kuhesabu. Leo kocha amemsalimia nani kwanza? Amemwinamia nani kumkagua kifundo cha mguu? Pikipiki imekaa ubavuni mwa nani, na imekaa kwa muda gani? Ungemwamsha yeyote kati yetu usingizini ukamuuliza, angekutajia ya wiki nzima bila kukosea.

Kambi yenyewe ilikuwa vyumba vya uani nyumbani kwake, Moshono. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na enzi zake alikimbia mbio ndefu mpaka goti likamgomea. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamsema sana, na sipendi mtu anikumbushe kwamba alinilisha. Alinilisha. Uji asubuhi, mchana loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, jioni viazi na maharage, na siku ya kuchinja mbuzi supu aliigawa mwenyewe kwa mkono wake. Hata hapo tulikuwa tunachungulia bakuli la nani limepata mfupa wenye uboho.

Kati ya wale tisa, wenye matumaini ya kweli tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Mimi nimezaliwa hapo hapo Moshono, mama yangu ni Mchagga anayeuza vitambaa sokoni. Mwenzangu alitoka Nkoaranga, juu kwenye migomba na kahawa. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili na aliniita dada, tena si kwa kunibembeleza, aliniita dada kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Tulilala chumba kimoja, godoro moja. Watu wa mtaani wakituona tunapita tumeongozana walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mafahali wenyewe usiku tulikuwa tunavutana blanketi.

Tulichokuwa tunakikimbilia kilikuwa kimoja na hakikatiki. Wakala mmoja wa wakimbiaji alikuwa amemwahidi kocha kwamba atachukua msichana mmoja kwenda kukimbia nje kwa msimu mzima, na kwamba atamchukua yule atakayeshinda mbio za kilomita kumi za Kikatiti, mwezi wa Novemba. Mmoja tu. Mimi kwa ajili ya nafasi hiyo nilikuwa nimeacha chuo cha uhazili nusu njia, na mama yangu alikuwa ameshaitangaza kwenye jumuiya, wamama wakaniombea safari ambayo nilikuwa sijaipata. Mwenzangu yeye baba yake alikuwa amempa mpaka Krismasi. Asipopata kitu mpaka hapo, anarudi nyumbani kumuuguza mama yake na kuchuma kahawa, na habari za viatu vya mbio zinaishia hapo.

Sasa niseme jinsi kocha alivyojigawa. Mimi alinipa sauti. Tukianza tu kupanda, pikipiki ilikuja ubavuni mwangu na kelele zikaanza.

“Mikono! Mikono, wewe Mchagga! Unapepeta mchele?”

“Kimbia kama umeona mteja wako anaingia duka la jirani!”

“Inua kichwa! Umedondosha nini huko chini?”

Kilomita baada ya kilomita, mpaka watu waliokuwa wanapalilia mahindi wanainua vichwa kunitazama. Kwa mwenzangu hakusema chochote. Alikuwa akirudi nyuma yake kama hatua kumi, anapunguza mafuta mpaka injini inanguruma kidogo kidogo tu, anamtazama miguu. Dakika kumi, ishirini, bila neno. Mimi nilikuwa namwonea huruma. Nilijiambia kocha amemkatia tamaa huyu mtoto. Nyumbani kwetu tumekua hivyo, anayependwa ndiye anayefokewa. Mama akikuambia “sawa” kwa sauti ya chini, jua umekwisha. Kwa hiyo nilifokewa miaka miwili na nikafurahi miaka miwili.

Wakati mwingine nilipata wasiwasi, na nikipata wasiwasi nilikuwa na akili za kitoto. Siku moja nilijifanya nimevuta msuli wa nyuma ya paja, nikachechemea mbele yake kuanzia getini hadi jikoni. Akaniambia, “Kapake mafuta ya kuchua, kesho ukimbie.” Wiki iliyofuata mwenzangu alikohoa mara mbili, mara mbili tu, nilikuwa karibu, nilisikia. Kocha akawasha pikipiki akaenda kumtafutia asali kwa mtu anayefuga nyuki. Hilo lilinichoma. Lakini nikajifariji kwamba asali ni ya wagonjwa, mimi nina nguvu, nitapewa asali ya nini? Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Kulikuwa na utaratibu mmoja kambini, na ndio ulionifungua macho. Kila Jumapili tukitoka ibadani kocha alikaa kwenye ngazi za nyumba yake na daftari kubwa. Alichana karatasi moja moja, anaandika, anaikunja, anamwita mtu kwa kidole. Hiyo ndiyo programu yako ya wiki. Hakuna aliyeruhusiwa kuonyesha yake wala kusoma ya mwingine. “Programu ni kama dawa,” alikuwa anasema. “Ukimeza ya mwenzako, utaumia.” Tuliifuata amri hiyo kuliko tulivyozifuata zile za kanisani. Karatasi tuliiweka kwenye kiatu, chini ya soli ya ndani, kwa sababu vyumba havikuwa na makabati na mfuko wa bukta hutoboka. Ukitaka kukumbuka mazoezi ya kesho, unainua soli, unasoma, unarudisha. Ilifika mahali karatasi zikawa zinanuka miguu na hatukuona ajabu.

Viatu vyenyewe tulipewa na mgeni mmoja aliyekuja na begi zima, vyote vya kijivu, vyote vya aina moja. Mimi na mwenzangu tulivaa namba thelathini na tisa wote wawili.

Siku kumi kabla ya mbio za Kikatiti mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Jumanne jioni tulirudi tumelowa, tukapanga viatu kuzunguka jiko la mkaa vikauke. Jumatano alfajiri, taa hakuna, kila mtu akachukua vilivyo mbele yake. Tukapandishwa kwenye pikapu ya jirani mpaka njia panda ya barabara kuu, na kutoka hapo tukaanza kupanda kwenda Nkoaranga. Siku hiyo ilikuwa ya kilima, na kilima kile hakina utani. Mwenzangu alikuwa kwao, alikuwa anapanda kama mtu aliyetumwa chumvi. Mimi nilisikia kitu kimeninyanyua kisigino cha kulia. Karatasi yangu huwa naikunja mara nne, inakuwa ndogo. Hii ilikuwa imekunjwa mara moja, ndefu, inanisugua unyayo mzima.

Chini kidogo ya hospitali ya Nkoaranga kuna vijia vinavyokata katikati ya migomba. Nikaingia kwenye kimojawapo, nikakaa kwenye jiwe kama mtu anayetoa kokoto, nikainua soli. Nilijua si yangu kabla sijaikunjua. Nilisoma kwa sababu nilitaka kuona huyu aliyekatiwa tamaa anaandikiwa nini. Ndiyo, nilitaka kumsikitikia kidogo zaidi.

Mwandiko ulikuwa ule ule wa kocha, wa kiualimu, herufi zimelala upande. Jumatatu mpaka Jumamosi, mstari kwa mstari. Kilomita kumi na sita, tatu za mwisho kwa nguvu zote. Kilomita kumi na mbili, mbili za mwisho kwa nguvu zote. Kilima, taratibu, robo ya mwisho kwa nguvu zote. Kila siku ya mwenzangu iliishia na maneno hayo. Kwenye yangu maneno hayo hayakuwahi kuonekana. Yangu ilikuwa mita elfu mara sita, kasi, pumzika, mita elfu mara nane, kasi, pumzika, ukichoka, acha. Nilikuwa nayakumbuka yote, miaka miwili ya karatasi, na pale kwenye jiwe nikayaona kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nafundishwa kuanza. Mwenzangu alikuwa anafundishwa kumaliza.

Chini kabisa kulikuwa na maagizo ya mbio. Yangu nilikuwa nayajua kwa moyo: *Ongoza tangu mwanzo. Usigeuke nyuma. Nakuamini.* Lile neno la mwisho nilikuwa nimelisoma mara nyingi, mpaka karatasi ikaanza kuchanika hapo. Ya mwenzangu ilisema: *Kaa nyuma ya dada yako mpaka kilomita ya saba. Usimpite kabla. Atachoka mwenyewe. Hapo nenda.*

Niliisoma mara mbili. Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba yananiingia shingoni na sikusogea. Nilisikia pikipiki inapita barabarani, na sauti ya kocha inaniita, “Mchagga! Umelala?” Ile sauti niliyoipenda. Kumbe alikuwa anapiga kelele kwangu kama mtu anavyompigia ng'ombe wa jembe, na macho yake yote yako kwenye mstari wa jembe nyuma yake.

Nataka nieleweke. Mvutaji wa mbio si kitu cha aibu. Kwenye mbio kubwa wako watu ambao kazi yao ni hiyo, kuongoza kwa kasi kilomita kadhaa ili mwingine akimbie nyuma yao amekingwa na upepo, kisha wanatoka pembeni wanakunywa maji yao. Lakini wanajua. Wamekubali wakiwa macho, na kwao wanajua kwamba mtoto wao amekwenda kuvuta. Mimi jumuiya nzima ilikuwa inaniombea ushindi. Kama kocha angeniita kwenye zile ngazi akaniambia, binti, mwenzako ana kitu ambacho wewe huna, nisaidie tumpeleke, ningelia wiki moja na labda ningekubali. Labda nisingekubali. Lakini ningeulizwa.

Nilirudisha karatasi nikakimbia. Tulipofika juu nikamwambia mwenzangu kwa kicheko, “Tumebadilishana viatu, wewe!” Hakucheka. Nilimrudishia vyake, na kabla hata hajakaa vizuri alikuwa ameshaingiza kidole chini ya soli kuona kama karatasi ipo na imekaa ilivyokaa. Akanitazama haraka, akainamisha macho. Nikajua kwamba alikuwa anayaonea haya yale maneno. Yangu sidhani kama aliyasoma. Mwenzangu hakuwa mtu wa kusoma karatasi ya mtu.

Nilimpa kocha nafasi moja. Siku mbili kabla ya mbio nilimkuta uani ameitoa plagi ya pikipiki anaisugua kwa msasa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Umelala?”

“Nimelala. Mwalimu, nikiongoza tangu mwanzo, halafu nikachoka kwenye kilomita ya saba, nifanyeje?”

Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea na msasa.

“Hutachoka. Nani kakwambia utachoka?”

“Nauliza tu.”

“Wewe una moyo, mama. Mwenye moyo hachoki. Ongoza tu, usigeuke nyuma.”

Hakuinua macho. Aliipuliza ile plagi, akaitazama kwenye mwanga upande huu na upande ule, akaigeuza. Nilisimama pale nikiionea wivu plagi. Kisha nikaenda chumbani, nikakaa kwenye godoro, na nikaamua kwamba sitaongoza.

Ubaya wangu niliupanga vizuri. Nilijua mwenzangu ni mtiifu. Karatasi imesema asinipite kabla ya kilomita ya saba, basi hatanipita hata nikitembea. Nitakwenda polepole, naye atanifuata polepole, na wasichana wanaokuja kushindana kutoka Mbulu na Singida watatuacha wote wawili. Kwenye ya saba atachomoka kama alivyoagizwa, atakuta barabara tupu, na kocha atavuna alichoandika. Sikumchukia mwenzangu. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba sikumchukia hata kidogo. Nilimtumia tu, kama nilivyotumiwa, na wala sikuona kwamba ni kitu kile kile.

Asubuhi ya mbio Kikatiti kulikuwa na ukungu kidogo, kisha jua likatoka kali. Upande mmoja wa barabara kuu ulikuwa umefungwa, kilomita tano kwenda na tano kurudi, na magari ya Moshi yalikuwa yanabanana upande wa pili yakipiga honi. Mama yangu alikuja na wamama watatu wa jumuiya, wamevaa vitenge sare. Baba yake mwenzangu alikuwepo pia, amesimama peke yake karibu na mashine ya kusaga, kofia mkononi. Nilimsalimia shikamoo nikashindwa kumtazama.

Bunduki ikalia. Wenzetu wakaondoka kwa fujo, mimi nikashika mwendo wa mtu anayewahi ibada na bado ana muda. Nyuma yangu nikasikia pumzi za mwenzangu, zile pumzi nilizolala nazo chumba kimoja miaka miwili. Kilomita ya kwanza, yupo. Ya pili, yupo. Kocha alikuwa amesimama hapo pembeni, na aliponiona uso wake ulibadilika.

“Ongoza! Mchagga, ongoza! Unafanya nini?”

Nikapita kama sikumsikia. Kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza sauti ile isinifanye chochote, na nilisikia raha, nisiseme uongo. Raha kama ya mtu anayekuna upele, anajua utatoka damu.

Kwenye ya tatu kundi la mbele lilikuwa limekuwa dogo, rangi rangi tu mwisho wa barabara. Mwenzangu akasogea ubavuni mwangu.

“Dada, vipi?”

Sijui mkono wangu ulifikaje tumboni, lakini ulifika, nikajishika hapo nikakunja uso. Akanitazama, kisha akanitazama tena. Nikadhani sasa atakwenda. Sehemu moja ya mwili wangu ilitaka aende, nakumbuka vizuri, nilitaka kumwambia nenda, wewe mjinga, nenda. Mdomo haukufunguka. Yeye akarudi nyuma yangu kidogo, upande wa kulia, upande wa magari.

Tukageuka kwenye ya tano. Kwenye ya saba kulikuwa na kibao na meza ya maji. Nilikuwa nimekisubiri kibao hicho siku kumi. Nikaanza kuhesabu hatua, nikasubiri kusikia miguu yake inabadilika, ule mchomoko aliofundishwa kila siku ya Mungu, robo ya mwisho kwa nguvu zote. Tukakipita. Akachukua kikombe mezani, akakimbia nacho amekifunika na kiganja, akanipa mimi.

“Kunywa kidogo kidogo, dada. Usimeze yote.”

Nikanywa. Ya nane, yupo. Ya tisa, yupo, sasa amenishika kiwiko. Hakwenda. Niliujua utiifu wake na nilikuwa nimejenga hesabu yangu yote juu yake, na hapo kwenye jambo moja alilopaswa kutii, hakutii. Tukavuka mstari pamoja, wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na mpaka leo sijui nani alikuwa wa kumi na moja.

Kocha alitukuta tumekaa chini kwenye ukingo wa barabara. Mimi alinitazama. Miaka miwili nilikuwa nimeyatamani yale macho, na sasa nilipewa yote mawili, mfululizo, na sikuweza kuyavumilia. Sauti akampa mwenzangu.

“Nilikuandikia nini? Sema! Nilikuandikia nini?”

Mwenzangu akanitazama kwa hofu, kama mtu ambaye siri yake inamwagwa sebuleni mbele ya mgeni. Hakutaka nisikie. Mpaka dakika ile alikuwa ananilinda nisijue.

“Mwalimu, dada alikuwa anaumwa,” akasema.

“Aliyeandikiwa kukimbia ni wewe!”

“Ningemwachaje barabarani, mwalimu? Magari yote yale?”

Kocha akageuka, akaenda kwenye pikipiki yake, na akakaa juu yake muda mrefu bila kuiwasha. Yule wakala alikuwa ameshaanza kupiga picha na msichana wa Mbulu. Mama yangu alikuja akanifunika na kitenge, akanishika paji la uso, akasema sina homa. Hakuuliza zaidi. Jioni, tukiwa wawili nyumbani, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kesho nikaulizie chuo kama watanipokea tena.

Mwenzangu aliondoka kambini wiki hiyo hiyo. Baba yake hakusubiri Krismasi. Alikuja asubuhi, akamsalimia kocha kwa heshima zote, akambebea begi. Mwenzangu alivivua vile viatu vya kijivu akaviweka mlangoni, akavaa ndala. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro na maneno yote nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha kwa utaratibu: nilisoma karatasi yako, sikuwa naumwa, nilifanya makusudi. Akaja akanikumbatia, akasema, “Dada, ujiangalie. Ukapime.” Nikasema nitapima.

Kocha hakunifukuza. Aliendelea kuniandikia programu kila Jumapili mpaka mwezi wa pili, akaacha kunifokea, akawa ananiambia “sawa”. Nikafunga virago. Siku hizi nachapa barua kwenye ofisi moja mjini, na mara moja moja alfajiri namwona akipita Moshono na kundi lake, wasichana wengine, pikipiki nyingine. Kuna mmoja anayefokewa na kuna mmoja anayetazamwa. Wa kufokewa nimewahi kumfuata kwa macho mpaka anapotelea kwenye kona, anakimbia kichwa juu, amefurahi. Sijawahi kumwambia kitu. Nitamwambiaje, na kwa mamlaka gani? Watu wanadhani nina kinyongo na kocha na ni kweli ninacho, nimekilea vizuri, kina afya. Kinanisaidia nisifike kwenye lile lingine.

Mwaka jana nilishuka Kikatiti siku ya soko kununua ndizi za mtori. Nikasikia mtu ananiita dada. Alikuwa ameketi nyuma ya lundo la maparachichi, amenenepa kidogo, mtoto wa kike wa miaka mitano amemwegemea. Alinyanyuka akanikumbatia mpaka kanga ikamdondoka. Mama yake alishafariki, akaniambia, na yeye ameolewa hapo hapo jirani. Akamsukuma mtoto mbele.

“Msalimie mama mkubwa. Huyu ndiye nilikuwa nakimbia naye. Huyu asingeumwa siku ile, mmoja wetu angepanda ndege.”

“Shikamoo,” mtoto akasema.

“Marahaba.”

Mwenzangu alikuwa ananichagulia maparachichi, anayabonyeza moja moja kwa kidole gumba, ananitengea yaliyoiva. Hakuwa na uchungu wowote usoni, niliutafuta na sikuuona. Nilijiambia sasa. Hapa hapa, mbele ya mtoto, mwambie sasa. Nilifungua mdomo kabisa.

“Hivi, dada,” akasema bila kuinua kichwa, “siku ile ulikuwa unaumwa nini? Hukuwahi kuniambia.”

“Malaria,” nikasema.

“Pole sana, dada,” akasema, na akanitilia maparachichi mengine mawili kwenye mfuko.